Kilomita Sitini na Tano Hadi Makunduchi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamua. Nanunua gari la umeme.

Niandike na sababu, ili mtu akilikuta daftari hili asinidhanie nimerukwa na akili. Mwezi wa Juni tulipigiwa simu asubuhi kwamba mama yake Sichana amefariki, Makunduchi. Tukatoka mjini kwa gari langu la petroli, mimi na mke wangu. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Nikasema yatatosha, taa hizi huwaka mapema makusudi ili kuwatisha watu. Gari likazima Kitogani. Tulipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka nyumbani. Sichana hakuuona uso wa mama yake.

Hakulia mbele yangu. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano, tumesharudi mjini, akanilaumu kwa sentensi moja tu, kwa sauti ya chini. Badala ya kumuomba radhi nikapandwa na hasira. Nikampa talaka. Moja. Miaka ishirini na saba ya ndoa, nami nikaitamka nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Akaenda kukaa eda kwa kaka yake, Jecha, huko huko Makunduchi. Alipaswa kuikalia nyumbani kwangu. Ningeweza kumwambia asiende. Sikusema.

Sasa nataka kumrejea. Nimfuate kwa gari lile lile? Haiwezekani! Na gari jengine lolote la petroli lina tangi, na tangi huisha. La umeme halina tangi. Hoja hii nimeitafakari siku nzima dukani na sijaiona kasoro. Nami si mgeni wa umeme. Nina duka la balbu, feni na soketi hapa Mlandege, mwaka wa kumi na tisa.

Jumanne, 2 Septemba

Badriya, binti yetu, aliyeolewa Amani, kapita dukani. Kaleta maneno ya mama yake. Kwa umri wa Sichana eda huhesabiwa kwa miezi mitatu, nayo inaisha Jumatano tarehe 17, jua likizama. Nikija mwenyewe kabla ya hapo, atarudi nyumbani, wala hataniuliza kitu. Nisitume mtu. Nisipige simu. Nije.

Nikamuuliza Badriya kama mama yake kasema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akasema ndiyo, hivyo hivyo.

"Baba, nenda kesho."

Nikamwambia kesho haiwezekani, kuna mipango. Akanitazama kwa macho ya mama yake. Nikajifanya kumhudumia mteja. Hakukuwa na mteja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimelipata! Yadi ya magari ya Basil, karibu na uwanja wa Amani. Dogo, rangi ya maziwa, limetoka Japani, limetumika kidogo tu kwa maneno ya Basil. Ukiliwasha halingurumi. Ndani yake mna bibi wa Kijapani anayezungumza kwa adabu sana. Nadhani ananikaribisha. Nimemwitikia naam.

Nikauliza linakwenda umbali gani betri ikijaa. Kasema kilomita mia na sitini. Nikauliza, huko Japani au hapa? Kasema barabara ni barabara.

Pembeni ya kipimo cha betri kuna vijistari kumi na viwili, vinne haviwaki. Basil kasema hivyo ni mapambo.

Nikampigia Pandu. Pandu ni fundi magari, tumesoma chuo cha Kurani pamoja, na tangu utotoni kazi yake ni kunivunja moyo. Kasema kabla sijanunua niandike kwa wiki nzima naendesha wapi na kilomita ngapi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kasema jambo la maana.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekamilisha uchunguzi. Nyumbani kwangu Mkunazini hadi dukani: kwa miguu, kichochoro hakipitishi gari. Dukani hadi kwa Badriya, Amani, mara tatu. Bandarini mara moja kupokea katoni za feni. Mazishi Mwanakwerekwe mara moja. Nimejumlisha, nimegawa kwa siku. Wastani ni kilomita tisa kwa siku. Tisa! Gari linakwenda mia na sitini. Maana yake nikichaji leo, naendesha siku kumi na saba bila kugusa waya.

Nikampelekea Pandu karatasi. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Kasema mtu hanunui gari kwa ajili ya siku ya wastani.

"Safari ipi unayoiogopa, Amour?"

Nikaikunjua karatasi, nikaikunja tena.

"Basi hiyo ndiyo uipime. Kwenda na kurudi. Na mizigo, na kiyoyozi, na betri iliyochoka. Na huko unakokwenda, ujue mapema utachaji wapi."

Kumbe Makunduchi ni kilomita sitini na tano kwa hesabu yake. Nikamwambia hata nikienda na kurudi ni mia na thalathini, zinabaki thalathini za kutembelea jamaa. Akauliza kama vijistari vyote vinawaka. Nikamwambia hivyo ni mapambo. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Kijicho. Yeye bado anapanda Vespa ya marehemu baba yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempa Basil gari langu la petroli na juu yake nikaongeza. Nimelitoa bila kugeuka nyuma. Kisha nikageuka. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na pini ya ushungi ya Sichana. Nimeichukua.

La umeme limelala Mlandege, mbele ya duka. Waya wa ekstensheni nimeutoa kwenye soketi yangu, ukapita kizingiti cha jirani yangu Mbarouk, ukaingia kwenye gari. Mbarouk anauza mapazia. Tangu afungue duka miaka sita iliyopita tunagombania kivuli, ndoo za maji na nani alifagia upande wa nani. Mteja wake mmoja kajikwaa leo. Mbarouk kaja kulalamika, nikamwambia maendeleo yana waya. Saa moja baadaye kabandika karatasi mlangoni kwake: HATARI, WAYA WA AMOUR.

Wateja wamesimama kuisoma. Wengine wameingia kwake. Sikutarajia.

Jumamosi, 13 Septemba

Betri imejaa kwa mara ya kwanza. Kipimo kinasoma mia na kumi na nane. Nikaenda kwa Basil. Kasema Wajapani ni watu wa haya, hawapendi kujisifu, na kipimo chao ndivyo kilivyo. Nimeridhika.

Nimelijaribu hadi Amani na kurudi. Kilomita nane. Kipimo kimeshuka kumi na tisa. Pandu, niliyekuwa nimempakia ili aone kwa macho yake, kanionyesha vijistari vinane. Kasema hiyo ndiyo afya ya betri, si mapambo, na imebaki theluthi mbili. Nikamwambia gari bado linanizoea. Kashuka Darajani bila kuaga.

Jumapili, 14 Septemba

Badriya kapiga simu asubuhi. Nimeshakwenda? Nikasema kanzu iko kwa fundi, haijamalizika. Kapiga tena baada ya alasiri. Nikasema na vitambaa vya viti bado. Kaniambia mama anauliza habari zangu kwa njia ya mzunguko. Anauliza kama mvua imenyesha mjini. Anauliza kama duka linauza.

Niandike kweli, kwa kuwa hapa hapasomi mtu. Kanzu ingeweza kuwa tayari Ijumaa. Naogopa. Nikifika mapema atapata muda wa kunitazama vizuri na kubadili nia. Nikifika siku yenyewe, jua likikaribia kuzama, atapanda gari tu.

Jumanne, 16 Septemba

Kila kitu tayari. Gunia la mchele na feni ya dari kwa Jecha. Doti mbili za kanga kwa Sichana. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Waya upo kwenye gari tangu alasiri.

Wakati wa kufunga duka Mbarouk kanijia. Nilidhani ni habari ya waya. Hapana. Alisimama akivungavunga kipande cha pazia, akasema amesikia kuhusu kesho. Akasema gari lake lina mafuta tele, atafunga duka, tutoke alfajiri, adhuhuri nimesharudi na mke wangu. Akasema Sichana alimuuguza mkewe ile mara alipojifungua kwa taabu, na hakupata kumlipa wema.

Hili sikulijua. Sichana hakuwahi kuniambia.

Nikamshukuru, nikakataa. Nisingekubali Sichana anione nashuka kutoka gari lililoandikwa ubavuni MAPAZIA YA KISASA.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika nikiwa barazani kwa Bi Kazija, Kitogani. Bi Kazija sikumjua hadi leo mchana. Nitaandika yote kwa mpango.

Umeme ulikatika usiku. Asubuhi kipimo kilisoma tisini na mbili. Makunduchi sitini na tano. Zinabaki ishirini na saba. Nikasema na hizo nazo kwa nini zilale bure? Nikaamua kupitia Kidichi kwanza, kwa mtu wa mashamba ya viungo, nimchukulie Sichana maua ya vilua na asumini. Alipokuwa mwari wangu alikuwa akilala navyo chini ya mto. Kidichi ni upande mwengine kabisa, na njia ni ya kupanda. Gunia la mchele ndani. Kiyoyozi nimekifungua mwisho, kanzu isilowe jasho. Vilua havikuwa vimechumwa. Nikasubiri. Nikasubiri vitungwe.

Niliporudi mjini kipimo kilisoma hamsini na mbili.

Nikakitazama. Nikahesabu tena. Nikasema nitachaji njiani, nchi nzima ina umeme.

Niliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Tunguu kilisoma ishirini na nne. Nikamuomba mwenye duka soketi, kanikubalia bila maneno. Nikakaa ndani ya gari dakika arubaini, kiyoyozi kikiwa wazi kwa ajili ya maua. Kipimo kikapanda hadi ishirini na nane. Nne! Simu nayo ikazima, kwa kuwa nilikataa kuichaji ndani ya gari nisije nikaiibia betri. Nikachoka kungoja. Nikaondoka.

Karibu na Jozani bibi wa Kijapani akaanza kusema. Akasema tena. Sauti ileile ya adabu, lakini hakomi. Nikamwitikia. Kisha kwenye dashibodi ikatokea picha ya kikobe cha manjano. Nikafurahi, nikadhani ni salamu za kuhifadhi mazingira. Gari likaanza kutambaa. Baiskeli ikanipita. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita, akanipa pole.

Limezima Kitogani. Hatua kama mia tatu mbele ya pale liliposimama la petroli mwezi wa Juni. Niliupima umbali huo kwa macho nikajaribu kujifariji kwamba safari hii nimefika mbele zaidi.

Ilikuwa saa tisa na robo. Jua bado juu. Akasimama mtu wa bodaboda.

"Mzee, panda. Nusu saa uko Makunduchi."

"Na gari?"

"Gari hili? Litakwenda wapi?"

Nikamwambia namshukuru, ni jambo la dakika chache tu. Akatazama kanzu yangu, akatazama feni ya dari kwenye kiti cha nyuma, akaenda zake.

Nimerudia kuyaandika maneno yale mara mbili pembeni ya ukurasa. Panda. Nusu saa. Sielewi kwa nini sikupanda. Ninaelewa. Nilikuwa nimeshamwona Sichana akitoka mlangoni na kukuta gari jipya, tulivu, lenye maua ndani. Sikuwa na picha nyengine kichwani. Ya mzee aliyejaa vumbi juu ya pikipiki sikuwa nayo.

Bwana mmoja, Wakil, alikuwa akipita na gari lake la ng'ombe. Akalifunga gari langu kwa kamba akalivuta hadi nyumba ya karibu yenye umeme, kwa Bi Kazija, mjane, anayelima mihogo. Ng'ombe hakupata taabu yoyote. Bi Kazija akanikaribisha. Umeme akasema umekatika, kwa kawaida hurudi saa kumi.

Umerudi saa kumi na moja.

Wakati tunangoja kaniuliza nakwenda wapi. Nikamweleza, habari yote. Sijui kwa nini mtu humwambia mgeni asiyoweza kumwambia mkewe. Kasikiliza akichambua mchele. Kisha kauliza:

"Sasa mkeo anakungoja weye, au anangoja gari?"

"Ananingoja mie."

"Basi mbona umekaa hapa?"

Nikaanza kumfafanulia habari ya kipimo. Kanyanyuka kwenda kuwapa kuku chakula.

Bodaboda ikapita mara ya pili, saa kumi na moja na nusu. Mtu yuleyule. Akapunguza mwendo. Kipimo kilikuwa kimefika sita. Sita! Na Makunduchi zimebaki ishirini na tano. Nikampungia mkono apite. Nilisema zikifika kumi nitaondoka, nyingine nitazipata njiani. Saba. Nane. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya minazi. Tisa. Nikatia udhu ili nisichelewe. Kumi.

Nikangoja moja ya akiba. Kilikuwa kinasoma kumi na moja muadhini alipoanza.

Nilibaki nimesimama na mkono juu ya paa la gari. Adhana ya Kitogani ni ya sauti nzuri, ya mtu mzima. Nikaisikiliza mpaka mwisho. Kilomita ishirini na tano kutoka hapa, naye alikuwa akiisikiliza ya kwao.

Bi Kazija katandika mkeka, kasema nisali kwanza. Maua nimempa yeye, kabla hayajasinyaa. Kayapokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefika Makunduchi saa tatu asubuhi. Gari limechajiwa usiku kucha kwa Bi Kazija, zimebaki kilomita nyingi. Halikutoa sauti. Hakuna aliyesikia. Sichana alikuwa uani akifua, mgongo umenielekea, kichwa wazi, nywele zake zimeota mvi ambazo Juni hazikuwepo. Nikasema hodi.

Kageuka. Akaniona. Mkono wake ukaenda kwenye kamba ya nguo, akavuta kanga, akajifunika kichwa.

Miaka ishirini na saba. Tangu usiku wa harusi yetu hajapata kujifunika mbele yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Kitogani. Yote yakanitoka.

Jecha kaja, kanipa mkono, kaniita shemegi kama kawaida kisha akashituka. Katuweka ukumbini, akakaa baina yetu kama inavyotakiwa. Nilimweleza Sichana kila kitu. Umeme kukatika, Kidichi, kikobe. Kasikiliza. Hakunikatiza hata mara moja. Jecha ndiye aliyesema kwamba dada yake alikaa barazani tangu alasiri na begi lake, na kila gari lililopita alinyanyua kichwa.

"Hili halina sauti," nikasema. "Hata ningekuja usingelisikia."

"Ungekuja ningekuona, Bwana Amour."

Bwana Amour. Kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa Baba Badriya.

Nikamwambia eda imeisha lakini mlango haujafungwa. Tutaoana upya, mahari mapya, hata leo, Jecha yupo. Akautazama mkono wake, ulikuwa bado na povu la sabuni.

"Sina hasira nawe. Jana nilikuwa nayo, mpaka magharibi. Baadaye nikasali, nikala, nikalala. Nikashangaa mwenyewe jinsi nilivyolala." Akaupangusa mkono kwenye kanga. "Weye kila safari unatoka nyumbani na kiasi cha kufika nusu ya njia. Nusu ya pili unamwachia mtu mwengine. Miaka yote hii mtu huyo alikuwa mie. Nimechoka kuwa nusu yako ya pili."

Nilitaka kumwambia kwamba safari hii niliondoka na tisini na mbili. Namshukuru Mungu sikusema.

Nikamrudishia pini yake ya ushungi. Akaichukua, akaichomeka kwenye kanga palepale, chini ya kidevu. Jecha akanisindikiza hadi garini. Feni kaipokea. Gunia la mchele akalibeba mwenyewe. Doti za kanga kazirudisha, kasema dada yake kasema ahsante.

Nimerudi mjini. Halikuzima popote. Lilikwenda vizuri sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya sala nilimsubiri sheikh. Nilikuwa na swali moja. Nikamuuliza: mtu akikwama njiani na eda inaisha, angeweza kufanya nini? Kasema jambo jepesi. Angesema nimemrejea mke wangu fulani, mbele ya watu wawili, jua halijazama. Si lazima mke awepo. Angekuwa mkewe mpaka leo.

Wakil alikuwepo na ng'ombe wake. Mtu wa bodaboda alikuwepo. Mashahidi wawili, wote wamesimama mbele yangu na kuniuliza kama nataka msaada!

Nikakaa kwenye ngazi za msikiti. Sheikh akaona hali yangu, akakaa pembeni. Akauliza mke mwenyewe alitaka nini. Nikamwambia alitaka nije. Akafikiri.

"Kwa hiyo hata ungesema, ungekuwa umerudisha ndoa. Yeye ungekuwa bado hujamfikia."

Nimekwenda dukani. Waya wangu wa ekstensheni nimeukuta umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe wa pazia, umewekwa mlangoni. Ile karatasi ya hatari imeondolewa. Mbarouk alikuwa anapima kitambaa, akaniinulia mkono kutoka kwake. Baadaye kaleta kahawa, vikombe viwili, tukanywa tumekaa kwenye kizingiti chake. Alizungumza habari za mapazia tu. Nilitamani anitukane.

Nyumbani nimelala upande wangu wa kitanda. Sijui kwa nini, kitanda kizima ni changu.

Jumatano, 24 Septemba

Pandu kaja bila kuitwa. Hakucheka. Kalipima gari kwa kifaa chake, kaandika kwenye karatasi: mjini, popote, kila siku, salama. Mashamba, tahadhari. Makunduchi kwenda na kurudi, usithubutu bila kulaza gari huko na kulichaji usiku kucha. Kasema si gari baya, ni gari la mtu anayekaa karibu na mambo yake.

Nimeibandika karatasi ukutani dukani. Nimeisoma mara nyingi. Nimeielewa.

Jumapili, 5 Oktoba

Badriya kapiga simu, sauti imejaa mashaka. Mama yake ana miadi na daktari wa macho, kesho kutwa Jumanne, saa mbili asubuhi, hospitali ya mjini. Daktari ni mgeni, yupo siku hiyo moja tu, na jina la mama liko kwenye orodha ya kungoja tangu Mfungo Mosi. Jicho la kulia linapoteza nuru. Mume wa Badriya kasafiri Pemba, na gari la jamaa waliyemtegemea limeharibika. Mjomba Jecha atakuja naye. Je, baba, ningeweza kuwafuata? Lakini kwa gari la Mbarouk. Kasema mara tatu: la Mbarouk. Mama yake hajui kwamba kaniomba mie, akijua pengine atakataa.

Nikasema naam, naam, bila shaka. Ikabidi nikae chini. Atakaa ndani ya gari nami kwa saa nzima na zaidi! Jecha atakuwa mbele, yeye nyuma, nitamwona kwenye kioo.

Mbarouk nimemwambia asijisumbue. Kauliza nina hakika. Nimesema nina hakika.

Nimechaji tangu alasiri, kinasoma mia na tatu. Kwenda sitini na tano. Wakati wananywa chai nitachomeka waya kwa Jecha, chai ya Makunduchi haina haraka. Tena nimekwenda kwa Basil kuhakikisha. Ofisini kwake pana ramani kubwa ya Unguja imetundikwa ukutani, nimeisimamia muda mrefu na nimegundua jambo ambalo Pandu na kifaa chake hawakuliona. Makunduchi iko chini kabisa ya kisiwa, mjini tuko juu. Kwa hiyo kwenda ni mteremko mtupu. Nitatumia nusu tu ya betri.

Kurudi tutaona hukohuko.